Ng'ombe wa Makoye

Kasansa, Mpimbwe
18 Agosti 1974

Kwa dada yangu Verdiana,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi wote tunapumua, ila kifua changu kinanisumbua asubuhi kwa sababu ya vumbi. Tumeshahamia kwenye kijiji kipya kando ya barabara kama tulivyoagizwa. Nyumba nimeezeka upande mmoja tu, upande mwingine bado tunatazamana na nyota, na wifi yako Eufrazia hapitishi siku bila kunikumbusha kwamba nyumba yetu ya kule bondeni ilikuwa na paa zima. Kutoka hapa mpaka kwenye mashamba ya mpunga sasa unatoka jasho kabla hujashika jembe.

Mavuno hayakuwa mabaya. Tumepata kuliko mwaka jana kwa sababu nililima kwa plau. Nimekuwekea gunia la mchele kwenye lori la ushirika, uuze pale stesheni kama kawaida yako. Humo ndani nimefunga na samaki wakavu wa Rukwa, uwatoe kabla hujaanza kuwapimia watu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nataka Prisila arudi nyumbani. Arudi kabla ya mvua, maana barabara ikikatika ndiyo basi mpaka mwakani. Najua mimi mwenyewe nilikupa huyo binti alipomaliza darasa la saba, akae nawe na ajifunze kushona kwa masista. Nashukuru, amejifunza vya kutosha. Mama yake anamhitaji.

Yeye ndiye anayekusomea barua, kwa hiyo ameshasikia. Lori likirudi huku nategemea kumwona.

Mdogo wako,
Makarius


Misunkumilo, Mpanda
15 Septemba 1974

Makarius mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, wifi Eufrazia na wale wadogo. Mimi nipo. Miguu inavimba jioni lakini asubuhi inakubali kunibeba mpaka stesheni. Treni siku hizi inachelewa, nasi wauza mchele tunachelewa nayo. Mchele wako mzuri, haukukatika. Samaki wengine walisagika njiani, tumewala hivyohivyo.

Prisila anaandika haya ninayosema, na nimemkataza kuyapamba.

Unasema amejifunza vya kutosha. Nani kakwambia? Anajua kushona sketi. Shati bado linamshinda kwenye kola, na suruali hajagusa. Masista wamesema watamaliza mwisho wa mwaka ujao, na akifanya vizuri watamwajiri palepale kwenye chumba chao cha ushonaji. Haya yote ulikubali ukiwa umekaa kwenye kigoda changu, umeshiba. Hukulazimishwa.

Halafu nina jambo. Unasema ulilima kwa plau. Plau inavutwa na ng'ombe, na katika ukoo wetu sijawahi kusikia mtu aliyefuga hata mbuzi wa maana. Dereva wa lori ananiambia uani kwako kuna ng'ombe, tena na ndama. Nikamwambia amekosea nyumba. Akasema, "Mama, nyumba ya Makarius mwenye ndevu naijua." Nimemuuliza Prisila, anasema aliwaacha huko, ila hukuwahi kumweleza wametoka wapi. Hao ng'ombe ni wa nani? Umenipa habari za paa, za vumbi na za samaki, ng'ombe hukuwataja. Mtu aliyepata ng'ombe huanza barua na hilo.

Prisila haji mpaka niambiwe anaitiwa nini.

Dada yako,
Verdiana


Kasansa, Mpimbwe
3 Novemba 1974

Dada Verdiana,

Salamu zako zimefika na tumezigawana. Huku joto ni kali, mawingu yanakuja jioni yanatutazama halafu yanaondoka. Wanaovua ziwani wanasema samaki wamepungua. Paa limekwisha, Eufrazia sasa amehamia kwenye kulalamikia mlango.

Ulichouliza ni kitu kidogo. Kuna Msukuma mmoja anaitwa Makoye, alikuja mwaka jana na familia yake kutoka kaskazini akitafuta malisho. Nilimruhusu alishe ng'ombe kwenye mabaki ya mpunga wangu baada ya kuvuna. Tumeelewana vizuri, na wale ng'ombe waliopo kwangu wametokana na huo urafiki. Ndiyo hivyo tu.

Kuhusu Prisila sikuandika ili tubishane. Mama yake anaumwa mguu, hawezi kushuka bondeni, na kupanda kumekaribia. Mimi peke yangu siwezi. Na nisipopanda, dada, hakuna gunia litakalokuja Mpanda, na wewe pale stesheni utauza nini? Sikutishi, ninakueleza ilivyo.

Mpandishe kwenye lori.

Makarius


Misunkumilo, Mpanda
24 Novemba 1974

Makarius,

Wote hapa wazima, tunakutakia na wewe uzima. Mvua ya kwanza imenyesha, mihogo yangu imenyanyua shingo.

Mguu wa wifi nimeuulizia. Kuna mama wa Kasansa amekuja hospitali kumwangalia mwanawe, amelala kwangu. Anasema wiki iliyopita alimwona Eufrazia kwenye arusi anacheza mpaka kanga ikamdondoka. Mguu gani huo unaouma barabarani na kupona kwenye ngoma? Usimpe mkeo ugonjwa ili upate binti.

Na mchele wako usinitishie nao. Nilikuwa naishi kabla hujajua kupepeta.

Nimemuuliza Prisila kama anataka kwenda. Amesema amemkumbuka mama yake sana, ila angependa kujua anaitiwa nini, maana baba yake hajawahi kuandika barua mfululizo namna hii tangu azaliwe. Nami nasema hivyohivyo. Wewe ni mtu wa kuandika Pasaka na Krismasi. Una hofu, Makarius, naisikia ikisomwa. Andika kilichopo.

Verdiana


Kasansa, Mpimbwe
22 Desemba 1974

Dada yangu Verdiana,

Heri ya Krismasi kwako na kwa wote wa hapo. Mvua imeshika kweli, mpunga umeanza kuchipua, na dereva anasema huenda hili ndilo lori la mwisho mpaka barabara ikauke. Kwa hiyo naandika yote.

Kuanzia hapa naomba Prisila aiweke barua hii chini. Aipeleke kwa katekista Telesphor, yeye ndiye akusomee yaliyobaki. Prisila asisome.

Dada, Makoye alipokuja kuniomba malisho, tulikuwa kwenye pombe, watu wengi. Unajua tulivyo sisi na Wanyamwezi. Mtani anaweza kuja msibani akaingia kaburini akalala, akadai apewe kitu ndipo atoke, na hakuna wa kumkasirikia. Nikamsikiliza Makoye, lugha yake na ya Wanyamwezi zinapakana, nikadhani Msukuma na Mnyamwezi ni kitu kimoja. Nikamwambia mbele za watu: "Mtani, malisho chukua bure. Ila ukiniletea ng'ombe nyumbani nakupa na binti, mwanao apate wa kumpikia." Watu walicheka sana. Makoye hakucheka. Aliniuliza binti anaitwa nani. Nikamtajia Prisila, huku bado nacheka.

Haikupita wiki akaja na wazee wake na ng'ombe, wanawake wao wakipiga vigelegele. Nikasema moyoni, huyu ni mtani kweli, amejibu utani kwa utani, na hapohapo amenishukuru kwa malisho. Sikuuliza. Krismasi ya mwaka jana nikachinja dume, waumini wote wa kigango wakala. Makoye alikuja na watu wake, akakaa mbele, akala kwa heshima. Kumbe yeye anajua anakula karamu ya kukubaliwa posa. Prisila alipokuja kwako, Makoye alifurahi mno. Alidhani nimempeleka ajifunze kushona ili aingie kwa mume akiwa amekamilika.

Mwaka huu baada ya mavuno alikuja kuniuliza siku ya arusi. Mwanawe anaitwa Maduhu. Ndipo nikaandika ile barua ya Agosti.

Utaniuliza kwa nini sikuwarudisha ng'ombe palepale. Tulikuwa tunakunywa maziwa, dada. Watoto walinenepa. Nililima kwa plau, nikawa mtu wa kusimamishwa njiani na kuulizwa habari. Nadhani nilijua mapema, ila sikutaka kujua. Na sasa hata nikitaka kuwarudisha, sina. Tulipohamia barabarani malisho yakawa upande wa porini, mbung'o wakawamaliza. Waliobaki ni wachache na wamekonda.

Makoye ni mtu wa maneno machache. Amesema atasubiri mpaka mpunga ukatwe. Baada ya hapo ataita wazee na viongozi wa kijiji, na wote walikula ile nyama, nani atanitetea? Maduhu si kijana mbaya, hanywi, ana mikono ya kazi. Nakuomba umwandae binti taratibu, wewe ni shangazi yake, unajua pa kuanzia.

Umsalimie Prisila.

Makarius


Misunkumilo, Mpanda
19 Januari 1975

Makarius,

Sisi hatujambo. Salamu zako nimezipokea.

Ulipoandika Prisila asisome, aliyesoma maneno hayo kwa sauti alikuwa Prisila. Ulitegemea nini? Nyumba hii ina macho mawili yanayojua kusoma, nayo ni yake. Si ungemwandikia Telesphor mwenyewe, kwa bahasha yake, kwa jina lake? Umesoma mpaka darasa la nne kwa mapadre, na mimi sikupelekwa hata siku moja kwa sababu kulikuwa na ndege wa kufukuza kwenye mpunga, lakini hilo hata mimi ningeliwaza.

Alipofika pale aliinua macho. Nikamwambia aiweke chini. Akasema, "Shangazi, tayari nimeshaona jina langu." Akaendelea. Alisoma yote kwa sauti ileile, pombe, vigelegele, dume la Krismasi, mpaka pale unapomsalimia. Akaikunja barua, akachukua ndoo akaenda kisimani. Alikawia mpaka nikamfuata, nikamkuta amekaa pembeni na ndoo tupu. Hakuwa analia. Ningefurahi kama angelia.

Nimekwenda kwa Telesphor mwenyewe. Anasema padre hafungi ndoa mpaka binti atamke ndiyo kwa mdomo wake, na serikali nayo sasa inataka hivyohivyo. Najua Makoye si wa padre. Nakwambia tu ujue ulivyoigawa roho ya mtu kwenye kikao cha pombe.

Nimekasirika, Makarius, na nimeumia. Tulikuwa na baba mmoja. Sikuwahi kumsikia akitaja jina langu kwenye pombe.

Tafuta njia nyingine. Uza shamba la bondeni, omba kijiji, fanya chochote. Huyu hatoki kwangu.

Verdiana

Mimi Prisila niliyeandika haya nakusalimu baba, na mama pia. Sina la kuongeza.


Kasansa, Mpimbwe
27 Aprili 1975

Dada,

Barua yako ya Januari imenifikia wiki hii, ilikaa Mpanda kipindi chote barabara ilipokuwa imekatika. Sisi tupo. Mtoto wetu mdogo aliugua surua lakini ametoka. Mpunga umefunga vizuri, viboko walipanda kutoka ziwani wakakanyaga upande wa chini.

Unasema niuze shamba. Nimuuzie nani? Mashamba sasa yanagawiwa na kijiji, anayelima ndiye mwenye shamba. Unasema niombe kijiji. Nimekwenda kwa mwenyekiti, akaniuliza kama zile nyama nilizomkaribisha nazo zilikuwa utani. Nikatoka.

Ng'ombe mwingine amekufa, majike wawili na ndama mmoja tu ndio wanaosimama. Makoye anapita hapa kila asubuhi kwenda bondeni, ananisalimia kwa adabu, hatukani, haulizi. Afadhali angetukana. Eufrazia hazungumzi nami tangu nilipomsomea barua yako. Anapika, anaweka, anaondoka.

Usiniandikie tena habari za baba. Wewe uko mjini, unauza mchele ninaoulima mimi, na unanifundisha kuwa mzazi. Wewe hukuzaa, huwezi kujua mtu anavyobanwa pande zote na watoto wake katikati.

Maduhu anakuja Mpanda mwezi ujao. Baba yake amemtuma akamwone binti na kuuliza kwa nini hajarudi. Mpokee vizuri.

Makarius


Misunkumilo
8 Juni 1975

Makarius,

Salamu kwako na kwa wifi. Barua hii naandika mimi. Nimeingia ngumbaro tangu Februari, tunasoma jioni shuleni, wote wazee. Herufi zinalala lakini utaziona. Prisila hajui kama ninaandika. Kwa hiyo nitasema maneno mafupi.

Hayo ya kutozaa nimeyasikia. Yeye ndiye aliyenisomea. Alitaka kuyaruka, nikaona macho yake yanaruka, nikamwambia asome. Nitakujibu siku nyingine. Leo sina nafasi ya hasira yangu.

Maduhu alikuja. Alileta samli kwenye kibuyu. Hakukaa kwenye kiti mpaka nilipomwambia mara mbili. Ni kijana wa adabu, sikudanganyi. Nilimweleza kwamba ilikuwa utani. Hakuwa anajua. Aliambiwa binti amekubali. Akasema yeye hawezi kumvuta mtu kwa nguvu, lakini ng'ombe si wake, ni wa baba yake, na wengine walitoka kwenye mahari ya dada yake. Dada yake aliolewa mbali, na wale ng'ombe ndio waliobaki badala yake. Makarius, ulichinja dada wa mtu.

Prisila alikuwa mlangoni anasikia.

Alipoondoka, Prisila alikunja nguo zake zote akafunga kwenye kanga. Nikamuuliza unakwenda wapi. Akasema anakwenda Kasansa, lori likirudi tu. Nikamwambia mimi nimeshakataa, kaa. Akaniambia, "Shangazi, na mimi nilikunywa yale maziwa."

Hataki kuolewa. Usije ukajidanganya. Usiku anageuka kitandani kama mtu mwenye homa. Shati la mwisho amelimaliza, kola imekaa vizuri, masista wamelitundika ukutani. Hakwenda kuliona. Anakuja kwa sababu yako, ili usifedheheshwe mbele ya wazee. Mimi nimeshindwa. Naweza kumfungia mlango, siwezi kumfungia hilo.

Barua hii inakuja na lori. Lori litakaa huko kupakia mpunga, halafu litarudi Mpanda, na likigeuka tena atapanda. Wewe tu ndiye unayeweza kumwambia. Niambie kama hiki ndicho unachotaka.

Mkono unauma.

Verdiana


Kasansa, Mpimbwe
24 Juni 1975

Dada yangu Verdiana,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Watoto wazima, surua imekwisha kabisa. Eufrazia anakusalimu kwa kinywa chake, tumeanza tena kuzungumza. Mpunga wangu nimeuacha mikononi mwake na kwa majirani, nitakueleza sababu.

Barua yako nilisoma mwenyewe, peke yangu, nyuma ya ghala. Herufi zimelala lakini zinasomeka zote. Lile neno langu la kutozaa nalifuta. Nisamehe. Nililiandika kwa sababu nilijua litauma.

Nilikwenda kwa Makoye siku iliyofuata. Nilipeleka wale majike wawili na ndama mmoja. Alikuwa amekaa na wazee wake, Maduhu yupo, amesimama pembeni. Nikasema mbele yao wote kwamba siku ile kwenye pombe nilimtania, nilimdhania ni mtani wangu, na kosa ni langu si lake. Makoye akaniuliza, "Na ulipochinja, ulikuwa unatania?"

Nikamwambia hapana. Nilipochinja nilikuwa natamani nyama, na nilikuwa natamani kuonekana. Wazee wake walinung'unika. Nilisimama mbele yao, dada, kama siku ya kuungama kwa mara ya kwanza.

Ndipo nikamkumbuka shemeji Felisiani, Mungu amrehemu. Alipokutaka wewe hakuwa na kitu, hata jembe aliazima. Akaja kulima kwa baba. Alipalilia, alivuna, alijenga ghala, watoto tukimcheka, na baba hakumwambia lini mwisho. Alilima mpaka baba mwenyewe aliposema basi, akamwita mwanangu. Kwetu asiye na kitu hutoa mikono. Nikamweleza Makoye desturi hiyo, nikamwambia: "Mimi sina ng'ombe wengine wa kukurudishia. Nina mikono. Nimekuja kulima kwako. Ninamposa binti yangu."

Wazee walicheka, mmoja mpaka akakohoa. Makoye alizungumza nao Kisukuma kwa muda, mara kwa sauti ya juu, mara ya chini, sikuelewa kitu. Maduhu naye akasema maneno machache, akitazama chini. Mwishowe Makoye akamwita mkewe, akamwambia aniletee mundu. Nikaanza siku ileile.

Yeye halimi mpunga kama sisi wa kumwaga mbegu bondeni na kumwachia Mungu. Analima majaruba, anainua kingo za udongo kuzuia maji. Kukata ninajua, lakini tukimaliza kukata kuna kingo za kuinua, na kazi hiyo sijaizoea, mgongo umeanza kuniambia umri wangu. Ninakula kwao mchana. Wananipa ugali na maziwa ya mgando. Siku ya kwanza nilikula ugali peke yake.

Kijiji kizima kinajua. Wanyamwezi, watani zangu wenyewe, wanasimama njiani kunitazama, wananiuliza bwana arusi ameamkaje. Eufrazia ananiletea maji shambani mbele yao wote, anasimama mpaka ninywe.

Lakini neno kubwa ni hili, na lori linasubiri. Prisila asije. Nilikuandikia arudi, na arudi, na arudi, sasa nasema asije. Wazee wa Makoye hawajakubaliana wote. Wako wanaosema akionekana hapa maneno yamekwisha, atakuwa amekuja mwenyewe, na mimi nitakuwa nalima bure. Akae kwako. Aende kuliona lile shati ukutani.

Mchele nimepakia, gunia moja, la kwangu halali. 

Na wewe Prisila mwanangu. Sijakuandikia hata neno moja tangu mambo haya yaanze, nilikuwa namwandikia shangazi yako juu yako kama mtu anayezungumzia mzigo. Naona aibu mbele yako. Zile nguo ulizofunga zifungue. Maziwa yale ulikunywa kwa sababu baba yako alikupa kikombe, na mtoto hapimi kikombe anachopewa na baba yake. Hiyo si juu yako. Ungekuja, ningenyamaza na kukupokea, na nisingeweza tena kukutazama usoni maisha yangu yote.

Mama yako anataka kujua lini utaweza kuja nyumbani bila hofu. Nimemwambia sijui. Makoye hajasema ni misimu mingapi, na mimi sikumuuliza. Anayeposa haulizi.

Mimi baba yako,
Makarius